Mume wangu anajua tunakwenda Kigali, hajui kuhusu nadhiri yangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Kahama, nauza vitenge sokoni. Mume wangu ana duka la spea za magari. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa na watoto wawili walio hai, binti wa miaka kumi na mvulana wa miaka sita. Huyu mdogo naomba nimwite Doto, na kama unatujua sisi Wasukuma, umeshaelewa kwamba kabla ya Doto alikuwepo Kulwa.

Walizaliwa njiti, Machi 2019, mimba ikiwa ya wiki 29. Kulwa alikuwa na gramu 1,050, Doto gramu 1,200. Wifi yangu alikuwa amewafumia kofia mbili za uzi wa manjano, na zote mbili ziliwapwaya mpaka puani. Kulwa aliishi siku nne. Siku ya kuzika mimi sikuruhusiwa kutoka wodini kwa sababu nilikuwa nimembeba Doto kifuani, ngozi kwa ngozi, na muuguzi aliniambia nikimtoa atapoa. Basi mume wangu akaenda kumzika mwenetu yeye na kaka zake. Aliporudi jioni alikuwa na udongo kwenye viatu. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Usiku huo Doto aliacha kupumua mara mbili. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja wa Ngara, naye ana njiti wake. Alinipa rozari yake, sio hii ya kawaida, ni ile ya Mateso Saba, akanifundisha kuisali. Akanisimulia kuhusu Kibeho, huko Rwanda, ambako Bikira Maria aliwatokea wasichana wa shule. Nikaweka nadhiri palepale: Mama wa Kibeho, huyu akipona, nitamleta kwako akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Asubuhi Doto alikuwa hai. Mpaka leo anayejua nadhiri hiyo ni mama yangu mzazi tu.

Mwaka 2021 mume wangu aliokoka. Tulifunga ndoa kanisani Katoliki, lakini sasa anasali kwenye kanisa la walokole. Hanikatazi kwenda misa, tena Jumapili mama yangu akiwa kwetu humpeleka parokiani kwa pikapu yake kabla hajaenda ibadani kwake. Ila picha ya Bikira Maria iliyokuwa sebuleni aliiondoa. Aliniletea chumbani ameifunga kwenye khanga, akasema, "Hii ni yako, itunze huku, mimi siwezi tena kuombea mbele ya sanamu." Tangu siku hiyo nikajua nikimtajia Kibeho patachimbika.

Sasa mwaka huu yeye mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya safari. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya kwenda Kigali, lakini anasema mji aliuona kwa usiku tu, wakilala chini ya lori. Anatamani arudi kama mtu na familia yake, aone mji, kisha aende Musanze akaione milima ya volkeno. Binti yetu naye ameliona kwenye simu lile jengo la kuba la Kigali linalobadilika rangi usiku, basi hatulali. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nina shilingi 2,800,000 za kikoba, yeye ataongeza. Nikasema na mama aje, apumzike. Akakubali kwa furaha.

Mpango tulioupanga na mama ni huu: Desemba shule zikifungwa tufike Kigali wote, halafu siku moja mimi, mama na Doto tutoke alfajiri, tumwambie tunakwenda Huye kumsalimia ndugu wa mama, kumbe tunakwenda Kibeho na kurudi jioni. Yeye abaki na binti watembee mjini. Mama anasema deni la Mungu halilali, na kwamba si dhambi kumficha mtu asiyeelewa.

Lakini moyo unanisuta. Jana binti alimsomea baba yake umbali wa kila mji kutoka kwenye ramani, na mume wangu akaniuliza, "Hivi na wewe kuna sehemu unataka kuona?" Nikasema hapana, mimi popote. Nilikwenda jikoni nikalia.

Nikimwambia, naogopa atafuta safari yote. Nisipokwenda, naogopa zaidi. Doto ana pumu, na kila kifua kinapobana usiku nawaza kwamba Mungu ananikumbusha, na kwamba nikichelewa atamchukua kama alivyomchukua Kulwa.

Kofia moja Kulwa alizikwa nayo, nyingine ipo kwenye kabati langu. Nilitaka kuiacha Kibeho. Mwaka jana niliingia chumbani nikamkuta mume wangu ameishika. Alisema anatafuta ufunguo wa duka.

Nifanye nini, mama?

Mama Doto, Kahama


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa Kulwa. Najua ni miaka mingi tangu watu waache kukupa pole hiyo, ndiyo maana naanza nayo.

Nikikuelewa, una safari mbili ndani ya begi moja. Iko ya Kigali na Musanze, anayoijua mumeo, na iko ya Kibeho, mnayoijua wewe na bibi yake Doto. Unaogopa ya pili ikijulikana itaua ya kwanza, na unaogopa ya pili isipofanyika itamuua mtoto. Niruhusu nianze na hofu hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokubeba mpaka ukapanga uongo ambao si tabia yako.

Pumu ya Doto, mwanangu, ni pumu. Watoto njiti wengi hubaki na vifua dhaifu, kwa sababu walizaliwa mapafu yakiwa hayajakomaa, na wa wiki 29 ni mchanga sana. Usiku kifua kinapobana, anayehitajika pale ni wewe na dawa yake ya kuvuta. Sidhani kama unahitaji kusimama pale ukiwa mshtakiwa. Unamwomba Mungu kila siku kama Baba. Je, ndiye huyohuyo unayemwona akishika rehani ya mtoto mpaka deni lilipwe? Sikuulizi kwa kukukaripia. Nadhani hata wewe, ukiyasema haya kwa sauti mbele ya mtu unayemwamini, utasikia hayafanani na yule uliyemwomba usiku ule.

Na nadhiri yenyewe, umewahi kumwendea paroko wako ukamweleza? Katika barua nzima sijaona padri. Kanisa lako lina utaratibu wa mambo haya, ni wa kisheria kabisa. Sheria ya Kanisa inaitambua nadhiri kuwa ahadi nzito kwa Mungu, haiichezei. Lakini inasema pia kwamba nadhiri humfunga yule aliyeiweka peke yake. Doto hakuweka nadhiri, mumeo hakuweka, bibi hakuweka. Na paroko ana mamlaka ya kumfungulia mtu nadhiri binafsi kukiwa na sababu ya haki, au kuibadilisha iwe tendo jingine jema. Sikuambii ukaifute. Inawezekana ukatoka ofisini kwake ukiwa na hamu zaidi ya kwenda Kibeho. Ila utakwenda kama mtu anayekwenda kushukuru, na si kama anayekimbizwa. Huenda hata Doto atatembea vizuri zaidi akishikwa na mkono usiotetemeka.

Sasa mumeo. Umeandika kwamba ukimtajia Kibeho patachimbika. Nimeitafuta sababu kwenye barua yako. Nimekuta mwanamume aliyeondoa picha ukutani, ndiyo, na kwa mama Mkatoliki hilo linauma. Lakini hakuitupa wala hakuichoma. Aliifunga kwenye khanga akakuletea, akakwambia ni yako uitunze. Nimekuta mwanamume anayempeleka mama mkwe misa kwanza ndipo aende ibadani kwake. Na jana amekuuliza kuna sehemu unataka kuona. Mwanangu, swali hilo wanawake wengi wanaoniandikia hawajawahi kuulizwa.

Pengine bado atakataa. Imani yake mpya anaichukulia kwa uzito, na kwa mlokole wa kweli kupiga magoti mbele ya sanamu si jambo dogo. Dhamiri yake nayo ni dhamiri, usiibeze kama mama yako anavyotaka kuibeza anaposema "mtu asiyeelewa". Lakini kukataa kwake mpaka sasa umekufikiria tu, hujakusikia.

Kuna kitabu mnachokiamini nyote wawili. Katika Samweli wa Kwanza yupo Hana, aliyelia mbele za Bwana akaweka nadhiri kwa ajili ya mtoto. Mumewe Elkana hakuwepo alipoiweka. Familia yao ilikuwa na desturi ya kupanda kila mwaka kwenda Shilo kuabudu, hija kabisa, watoto na wake zake wote. Mtoto alipozaliwa, Hana alimweleza mumewe waziwazi anachokusudia na lini atakifanya, naye akamjibu afanye aonavyo vema. Mumeo simulizi hiyo anaijua vizuri. Akiisikia kinywani mwako, mtakuwa mmeanzia mahali ambapo hakuna anayemwita mwenzake mwabudu sanamu wala mtu asiyeelewa. Tena Kanisa Katoliki lenyewe halimlazimishi hata Mkatoliki kuamini matokeo ya Bikira Maria huko Kibeho. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliyathibitisha tarehe 29 Juni 2001 kwamba yanastahili kuaminiwa, na hapo akamwachia kila muumini moyo wake. Kwa hiyo huna sababu ya kumtaka mumeo aamini. Unachotaka ajue ni kilichokupata wewe usiku ule.

Nirudi kwenye mpango wenu wa alfajiri, maana lazima niuguse. Kutoka Kigali kwenda Kibeho mnashika barabara ya kusini kupitia Muhanga na Nyanza mpaka Huye, kisha mnaingia milimani. Nchi ile haina tambarare ya kukimbilia kama yetu ya Shinyanga. Barabara inazunguka kilima, inashuka bondeni, inapanda kingine. Kwenda na kurudi ndani ya siku moja, na bibi na mtoto wa miaka sita, ni kuchoka kabisa, na ikiangukia Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi yote itakwama, kwa sababu watu wote wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja, na magari yanasimama. Kule juu kuna baridi. Fikiria kifua cha Doto kibane mkiwa Kibeho, simu ya baba yake iite, naye anaamini mko Huye kwa ndugu. Utamwambia uko wapi?

Na tuseme hakuna baya lililotokea. Jioni Doto atafika hotelini, atamrukia baba yake shingoni na kumsimulia kila kitu. Mtoto wa miaka sita aliyeona kanisa kubwa, sanamu, mishumaa na watu wanaimba kwa Kinyarwanda hawezi kunyamaza. Au mtamfundisha anyamaze? Hapo ndipo ninapoogopa zaidi kuliko barabara. Mtakuwa mmempa mtoto siri ya kumficha baba yake, kwenye siku ambayo ilikusudiwa kuwa ya shukrani kwa uhai wake.

Kuna jambo la haki pia. Musanze iko kaskazini, Kibeho iko kusini, na zote mnaanzia Kigali. Kwa fedha mliyonayo, watu watano, nauli kutoka Kahama mpaka Rusumo na kuendelea, malazi, chakula, huenda msiweze kufanya vyote kwa raha. Mumeo anaweza akajikuta ameikosa milima yake aliyoiota tangu akiwa utingo, bila kujua aliipoteza kwa ajili ya nini. Lakini akijua, anaweza kuamua mwenyewe kuipunguza. Milima ile ataiona hata kutoka mjini Musanze siku ikiwa safi; Karisimbi peke yake ina mita 4,507. Kama anawaza sokwe wa milima ile, yaani gorila, mwambie mapema kwamba watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwaendea, asije akamwahidi binti.

Njia ulizonazo ni zaidi ya mbili ulizozitaja. Unaweza kumwambia sasa, hapo Kahama, kukiwa bado na muda wa yeye kukasirika, kunyamaza siku tatu na kurudi. Usimwambie kwenye basi, wala pale darajani Rusumo mkivuka Kagera na gari linahamia mkono wa kulia, maana mtu aliyeambiwa akiwa njiani hana nafasi ya kusema hapana, na mtu asiyeweza kusema hapana hata ndiyo yake si yake. Akikubali, anaweza kuja mpaka Kibeho asiingie, akakaa nje akiangalia vilima na binti yake. Au asije kabisa, lakini ajue mko wapi, na mlale huko usiku mmoja badala ya kukimbia. Akikataa Doto asiende, na hilo litakuumiza, bado unaweza kwenda wewe na bibi wakati mwingine, na hapo ndipo mazungumzo na paroko yatakapokusaidia, kwa sababu nadhiri yako ilimtaja mtoto. Unaweza pia kuamua Desemba iwe ya Kigali na volkeno tu, mfurahi kama familia, Kibeho ikasubiri. Hatari ya njia hiyo ni kwamba wewe una desturi ya kusubiri. Umesubiri miaka sita. Safari ya familia yenye mama anayelia jikoni watoto wataihisi hata bila kuambiwa.

Na ile ya kuficha ipo, sitajifanya haipo. Wako watu walioficha na hawakugundulika. Nakuuliza tu, baada ya hapo utaiweka wapi furaha yako? Utaishangilia na nani ndani ya nyumba ile?

Sasa nikwambie kitu kuhusu Kibeho yenyewe, kwa sababu inaonekana umeijua kama mahali pa shukrani tu. Matokeo yalianza tarehe 28 Novemba 1981, kwenye bwalo la chakula la shule ya wasichana, kwa Alphonsine Mumureke. Wakafuata Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, na ni Marie Claire aliyewafundisha watu rozari ya Mateso Saba, hiyo uliyopewa na yule mama wa Ngara. Aliuawa mwaka 1994. Ndani ya kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa watu wengi mno mwaka huohuo wa mauaji ya kimbari, na Aprili 1995 wakafa tena maelfu kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani palepale. Mahali hapo panaitwa pa Mama wa Mateso. Wanaokwenda huko wengi wanakwenda na wafu wao moyoni.

Ndiyo maana nauliza, kwa upole sana: nadhiri ulimwekea Doto, lakini kofia unayotaka kuipeleka inamkumbusha nani? Usiku ule mumeo alirudi na udongo kwenye viatu hamkusemezana. Wewe hukuwepo kaburini. Yeye hakuwepo ulipoweka nadhiri. Kila mmoja wenu ana usiku mmoja ambao mwenzake hakuuona, na nahisi kila mmoja alikwenda na usiku wake kwa Mungu peke yake, wewe kwenye rozari, yeye kwenye wokovu miaka miwili baadaye. Sijui kama kuokoka kwake kunahusiana na Kulwa. Wewe unajua? Umewahi kumuuliza siku ile walichimba wapi, nani alimbeba mtoto, walisali nini?

Ukichagua kuzungumza, basi si lazima uanze na Kibeho. Watoto wakishalala, itoe ile kofia ya manjano kabatini, iweke kitandani kati yenu. Siku ulipomkuta nayo alikwambia anatafuta ufunguo wa duka, nawe ukamwachia apite. Mwambie unajua hakuwa anatafuta ufunguo. Kisha mpe nafasi aseme yeye kwanza, hata akichukua muda mrefu.

Niandikie tena, hata kama hamkufika popote. Na kifua cha Doto, Desemba mkienda kokote milimani, mchukulieni sweta mbili.